Mnana hujuaje kwamba yai si lake?

Msomaji wetu mmoja, mkazi wa Bweni ng'ambo ya Mto Pangani, mkoani Tanga, ametuandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Uani kwetu kuna mnazi ambao kila masika hujaa viota vya minana. Wakati huohuo huja ndege mdogo wa kijani anayeng'aa, na minana humfukuza kwa kelele nyingi. Mwaka huu niliokota chini ya mnazi huo mayai mawili, moja la buluu na jingine jeupe lenye madoa, na jirani yetu akasema hilo la madoa ni la kekeo, minana wamelitupa. Naomba kuuliza: mnana anajuaje kwamba yai si lake, na nani alimfundisha? Kama kweli anajua, mbona niliwahi kumwona akimlisha kinda mwenye mdomo mwekundu asiyefanana naye hata kidogo? Na je, nimfukuze huyo kekeo?”

Marahaba. Nitaanza na mayai uliyoyaokota, kwa sababu jirani yako ameharakisha kutoa hukumu. Minana wenye kichwa cheusi, ambao ndio wanaoelekea kuwa wenye mnazi wako, hawatagi wote mayai ya rangi moja. Jike mmoja hutaga mayai meupe matupu, wa kuti la pili hutaga ya buluu iliyokolea, wa kuti la tatu hutaga ya kijani yenye madoa ya kahawia, na wote ni minana wa aina ileile wanaochangia mnazi mmoja na hata mume mmoja. Kwa hiyo yai la buluu na yai la madoa yaliyookotwa mahali pamoja yanaweza kabisa kuwa ya minana wawili majirani. Sababu za yai kuanguka nazo ni nyingi. Upepo wa kusi huangusha viota vizima. Dume mwenyewe hubomoa kiota chake cha zamani ili afume kipya. Kekeo jike, ambaye hutaga katika viota vya ndege wengine ili wamlelee makinda, anapokuja kutaga mara nyingi huondoa yai moja la mwenye kiota kwanza. Na kinda wa kekeo akishaanguliwa husukuma nje kila anachokikuta. Yai lenye tundu dogo ubavuni lilitobolewa kwa ncha ya mdomo, na hilo halifanani na yai lililopasuka upande mmoja tu kwa kuanguka, lakini hata tundu hilo halikuambii ni mdomo wa nani ulioutoboa ubavu huo. Naomba ulikumbuke jambo hili la rangi nyingi katika mnazi mmoja, maana hicho kilichomchanganya jirani yako ndicho kinachomchanganya pia kekeo, na sehemu kubwa ya jibu langu imo humo.

Ndege wako wa kijani, kwa maelezo uliyotoa na kwa kuwa anawaandama minana, bila shaka ni yule anayeitwa na wataalamu kekeo-dideriki. Dume ana mgongo wa kijani chenye mng'ao wa shaba, tumbo jeupe lenye mistari ubavuni, na jicho jekundu. Hukaa juu kabisa ya mti na kurudia mlio uleule asubuhi nzima, wakati jike wake, aliyefifia rangi kidogo, hupita chinichini akivizia. Ni mmoja tu kati ya kekeo kadhaa wa pwani yetu. Yuko kekeo mwingine mdogo wa kijani ambaye hutagia katika viota vya chozi, na yuko wa kifua chekundu anayesikika sana mvua zinapokaribia, ambaye hulelewa makinda yake na ndege waimbaji wa vichakani. Wala si kila ndege wa ukoo huu ni mdanganyifu: dudumizi, unayemsikia kila siku kwenye matete ya Pangani, ni wa ukoo wa kekeo pia, lakini hujenga kiota chake na kulea watoto wake mwenyewe.

Hasara anayoipata mnana kwa kekeo si ndogo. Mnana jike hutaga mayai mawili au matatu. Kekeo huongeza lake moja, nalo huwa tayari kuanguliwa mapema, kwa kawaida kabla ya mayai ya mwenyeji. Kinda huyo, akiwa bado kipofu na hana unyoya hata mmoja, huinama, hujiingiza chini ya yai au kinda mwenzake, humbeba katika kibonde cha mgongo wake, na kurudi kinyumenyume hadi kwenye tundu la kiota, ambako humtupa nje. Daktari Edward Jenner wa Uingereza, yuleyule aliyeanzisha chanjo ya ndui, aliieleza tabia hii kwa kekeo wa Ulaya mwaka 1788, na watu wengi walikataa kumwamini. Matokeo yake ni kwamba mnana aliyeshindwa kulitambua yai moja hupoteza uzazi wake wote wa wakati huo, na nguvu zake za majuma kadhaa huishia kwa mtoto wa mwingine. Pale ambapo kosa moja lina gharama kubwa namna hii, uteuzi asilia hufanya kazi kwa kasi: majike wenye kasoro ndogo ya kuzaliwa inayowafanya wadanganyike kirahisi huacha watoto wachache, na wale wenye tofauti ndogo inayowaokoa huacha wengi, kizazi baada ya kizazi, mpaka tofauti hiyo ikawa ndiyo kawaida ya kundi.

Kinga ya kwanza ni kumzuia kekeo asifike kiotani, na hiyo umeiona kwa macho yako. Kundi kubwa lina macho mengi, na dume mmoja akipiga kelele wengine hujiunga. Kwamba tabia hii ina sehemu ya kujifunza tunalijua vizuri kutokana na ndege mdogo wa matete huko Uingereza: mwaka 2009, Nick Davies na Justin Welbergen walionyesha kwamba ndege hao, wakishawaona majirani zao wakimshambulia kekeo wa bandia, nao huanza kumshambulia wanapomkuta karibu na viota vyao wenyewe. Kekeo wa Ulaya naye ana mistari ya kifuani kama ya kipanga mla ndege, jambo linalowafanya wenyeji wasite kumsogelea, na dakika hiyo ya kusita humtosha, kwa kuwa hutaga yai lake katika sekunde kumi hivi. Huku kwetu watu hupenda kusema kwamba ile mifereji mirefu ya kuingilia ambayo baadhi ya minana huifuma chini ya viota vyao ni kwa ajili ya kekeo. Inawezekana ina mchango, lakini kwa maoni yangu haiwezi kuelezwa bila nyoka, ambao huwamaliza makinda wengi na ambao hupata taabu kuushuka mfereji uliofumwa kwa nyuzi nyembamba ukining'inia hewani.

Kinga iliyo kuu iko kwenye ganda la yai.

Zipo namna mbili ambazo ndege anaweza kujilinda hapa. Ya kwanza ni jicho kali: kuyakagua mayai na kulitoa la kigeni. Ya pili, ambayo watu hawaifikirii, ni kuyafanya mayai yake mwenyewe yawe rahisi kutambulika. Mnana jike hutaga mayai ya rangi moja na madoa ya namna moja maisha yake yote. Ukiyatoa mayai yake matatu ukayapanga juu ya kitambaa, utaona kwamba buluu ni ileile, na kama kuna madoa, yamejikusanya upande uleule mpana na ukubwa wake ni uleule. Lakini ukileta yai la jirani yake, tofauti huonekana hapohapo. Yai limekuwa saini: halibadiliki kwa mwenyewe, na halifanani na la mtu mwingine. Sifa zote mbili zinahitajika kwa pamoja. Mayai ya jike mmoja yangekuwa yanabadilikabadilika, asingejua lipi la kulitilia shaka. Na mayai ya majike wote yangefanana, kekeo angehitaji kuiga rangi moja tu na kazi yake ingekwisha. Majaribio ya kuhamisha mayai kutoka kiota kimoja cha mnana kwenda kingine, yaliyoanza kuchapishwa miaka ya 1970 na kurudiwa baadaye, yanaonyesha matokeo yaleyale: kadiri yai lililoletwa linavyotofautiana zaidi kwa rangi na madoa na yale ya mwenye kiota, ndivyo uwezekano wa kutolewa nje unavyoongezeka, na lile linalokaribia kufanana hubaki likaatamiwa.

Ninaposema kwamba kekeo ndiye aliyesababisha hali hii, una haki ya kudai ushahidi, kwa maana rangi nyingi zingeweza kuwa na sababu nyingine. Ushahidi bora ninaoujua ulipatikana mbali na Afrika, mahali ambapo kekeo huyu hayupo. Minana wa kichwa cheusi walipelekwa na watu katika kisiwa cha Hispaniola, huko Karibi, zaidi ya miaka 200 iliyopita kutoka Afrika Magharibi, na wengine walipelekwa Morisi mwishoni mwa karne ya 19 kutoka Afrika Kusini. Kekeo-dideriki hakuwafuata. Mtafiti wa Marekani, David Lahti, aliyapima mayai ya visiwani na kuyalinganisha na ya Gambia na Afrika Kusini walikotoka ndege hao, na mwaka 2005 alichapisha alichokikuta: katika visiwa vyote viwili, mayai ya jike mmoja yalikuwa yamepungukiwa na ule usawa wake wa asili, na mayai ya majike tofauti yalikuwa yameanza kusogeleana kwa sura. Sifa zote mbili za saini zilikuwa zinafifia, kila moja kwa upande wake, bila kekeo wa kuzidai. Katika kazi yake iliyofuata alionyesha kwamba jicho la minana wa visiwani lilikuwa bado lipo. Walipungukiwa na uwezo wa kutoa mayai ya kigeni hasa kwa sababu mayai yenyewe yalikuwa hayatofautiani tena vya kutosha. Mimi huona hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika elimu hii, kwa kuwa linaonyesha kwamba ulinzi wa mnana haukai katika ubongo wake peke yake. Umegawanywa kati ya jicho na ganda, na ganda linaweza kulegea wakati jicho bado liko macho.

Niongeze tahadhari moja. Minana wenyewe pia huwa na tabia ya kutagiana mayai, jike mmoja akiingia kwa siri katika kiota cha jirani. Saini ya yai humlinda mwenye kiota dhidi ya jirani huyo pia, kwa hiyo si haki kumpa kekeo sifa yote.

Sasa, kekeo hufanya nini mbele ya saini nyingi kiasi hicho? Naye huchaguliwa. Kila kekeo jike hutaga yai la sura moja, na yai hilo likiangukia katika kiota ambacho mayai yake yanafanana nalo, kizazi chake huendelea. Likiangukia katika kiota cha rangi nyingine, hutupwa. Hivyo kizazi kinachofuata cha kekeo hubeba zaidi zile rangi ambazo kwa wakati huo ni nyingi miongoni mwa wenyeji. Hapo ndipo mwenyeji mwenye rangi adimu anapopata nafuu, kwa sababu hakuna kekeo anayemwiga bado. Watoto wake huongezeka, rangi yake huacha kuwa adimu, na kekeo wa rangi hiyo huanza kupata riziki. Mambo huzunguka hivyo bila kufika mwisho.

Mzunguko huo umeonekana ukitendeka karibu na mji wa Choma, kusini mwa Zambia, ingawa ndege wahusika ni wengine. Mwenyeji ni prinia, ndege mdogo wa kahawia mwenye mkia mrefu anayepatikana pia katika vichaka vya Tanga. Anayemtagia si kekeo wa kweli. Ni ndege wa manjano anayekula mbegu, jamaa wa fumbwe, ambaye amefikia ujanja ule kwa njia yake mwenyewe. Mkusanyaji mmoja wa mayai aliyeishi huko, John Colebrook-Robjent, aliacha mayai ya miongo kadhaa yaliyoandikwa tarehe na mahali, na Claire Spottiswoode na mwenzake Martin Stevens waliyapima rangi kwa vipimo vinavyozingatia jicho la ndege, ambalo huona hata miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni. Katika kipindi cha miaka 40 tu, rangi za mayai ya prinia zilikuwa zimebadilika, na za mgeni wake zikiwa nyuma yake zinamfuata, kiasi kwamba mayai ya kigeni ya kipindi fulani yalilingana zaidi na mayai ya wenyeji wa kipindi hichohicho. Sisi tumezoea kuyafikiria mageuko kuwa ni habari ya mamilioni ya miaka. Hapa yamo ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kuna kipengele kingine cha Choma ambacho msomaji makini atakipenda. Karibu rangi zote za mayai ya ndege duniani hutokana na vitu viwili: biliverdini, inayotoa buluu na kijani, na protoporfirini, inayotoa wekundu na kahawia. Prinia huviunganisha viwili hivyo kwa namna nyingi, na baadhi yao hutaga mayai ya kijani cha zeituni. Mgeni wake ana mayai ya buluu na ana mayai mekundu, ila hilo la zeituni hana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulieleza sababu: kwa ndege huyo mgeni, sura ya yai hurithiwa kwa upande wa mama pekee, binti hutaga kama mama yake alivyotaga, na baba hana mchango. Urithi huo ulimsaidia mwanzoni, kwa maana ukoo uliokwisha kufaulu kuiga haukuvurugwa na damu ya baba kutoka ukoo wa rangi nyingine. Lakini umemfunga pia: buluu ya ukoo mmoja na wekundu wa ukoo mwingine haviwezi kukutana katika binti mmoja ili vizae kijani cha zeituni. Prinia, ambaye hurithi kwa baba na kwa mama, anakwenda mahali ambapo adui yake hawezi kumfuata, angalau kwa sasa.

Hapo ndipo ninapoweza kukujibu kuhusu mwalimu wa mnana. Rangi ya yai hafundishwi na mtu. Huzaliwa nayo katika jeni zake. Msukumo wa kuyakagua mayai na kulitupa lisilolingana nao hurithiwa. Lakini sura hasa ya yai lake, kwa ndege wengi waliochunguzwa, huonekana kuwa ni jambo la kujifunza: jike kijana huyatazama mayai ya uzazi wake wa kwanza, huishika sura yao, na kuanzia hapo chochote kilicho tofauti nao hukitilia shaka. Ndiyo maana katika baadhi ya aina za ndege majike wachanga hudanganywa kwa urahisi zaidi kuliko waliokwisha kuatamia mara nyingi. Mafunzo hayo huweza pia kuvurugwa. Yule ndege wa Choma hutaga mara kwa mara zaidi ya yai moja katika kiota kilekile, na imeonekana kwamba mayai ya kigeni yakiwa mengi, prinia hukosea zaidi, kana kwamba hajui tena upande upi ni wake.

Nadhani swali lako lililo gumu kuliko yote ni lile la kinda mwenye mdomo mwekundu. Ulichokiona ni sahihi: kinda wa kekeo-dideriki aliyekwisha kutoka kiotani ana mdomo mwekundu unaoonekana kwa mbali, na mnana aliyekuwa akilikagua yai kwa ukali humletea huyu wadudu bila kusita. Inaonekana kama upumbavu. Mtafiti wa Israeli, Arnon Lotem, mwaka 1993 alitoa hoja ambayo mpaka leo naiona ndiyo yenye nguvu zaidi kwa wenyeji wa kekeo wanaotupa wenzao nje. Tuseme mnana anajifunza sura ya kinda wake kama anavyojifunza ya yai, kwa kutazama uzazi wa kwanza. Mwenye bahati mbaya ya kutagiwa mwaka huo wa kwanza atakuta mayai yake na la kigeni yote yapo mbele yake, kwa hiyo ataishika sura ya mayai yake hata kama ameongeza na lile la mgeni. Lakini kinda wa kekeo hubaki peke yake. Jike huyo atamshika huyo mmoja kuwa ndiye sura ya mtoto wake, na mwaka unaofuata atakapoangua wanawe halisi atawaona wageni na kuwaua au kuwatelekeza, mwaka huo na miaka yote itakayofuata. Kosa moja litamgharimu uzazi wa maisha yake. Kuliko kujifunza kwa hatari hiyo, ni nafuu kwake kuwa na kanuni ya kumlisha yeyote anayefungua mdomo ndani ya kiota chake. Kekeo naye ameitumia kanuni hiyo kikamilifu: kinda wa kekeo wa Ulaya hulia kwa kasi inayofanana na ya makinda wengi kwa pamoja, na wazazi wa kulea huleta chakula cha kundi zima.

Hoja hiyo haimaanishi kwamba kinda hawezi kukataliwa kabisa. Nchini Australia, ambako viota vingi ni vya kufunikwa na vya giza na mayai ya kigeni ni vigumu kuyaona, kinga imesogea hatua moja mbele. Naomi Langmore na wenzake waliripoti mwaka 2003 kwamba ndege mdogo wa buluu wa huko huwatelekeza kiasi cha asilimia 40 ya makinda wa kekeo mmoja wa shaba, na makinda wa kekeo wa aina nyingine asiyewazoea huwatelekeza wote. Ndege mwingine wa kaskazini mwa nchi hiyo humkamata kinda wa kekeo angali hai na kumburura nje ya kiota. Ajabu zaidi ni kwamba mama wa yule ndege wa buluu huimbia mayai yake anapoatamia, na makinda wakishaanguliwa hulia kwa sauti iliyo na kipande cha wimbo huo. Watafiti walieleza jambo hili mwaka 2012. Wanawe husikia wimbo kwa siku za kutosha kabla ya kuanguliwa, na kinda wa kekeo anayeanguliwa mapema hupata muda mfupi zaidi wa kuusikia. Minana wetu hawajafika huko, na sidhani kuna sheria inayowalazimu wafike. Mwenyeji ambaye kinga yake ya yai inafanya kazi vizuri hukutana na makinda wachache wa kekeo, na msukumo wa kujenga kinga ya pili juu ya ya kwanza huwa dhaifu.

Si wote wanaotagia wengine hufuata njia ya kekeo. Makinda wa fumbwe, ambaye naye hutagia wengine, huishi pamoja na makinda wa mwenyeji bila kuwaua, kwa hiyo kwao mvutano umehamia kwenye alama za ndani ya mdomo, ambazo huziiga za wenyeji kwa usahihi wa kushangaza. Mlembe, anayewaongoza warina asali, hutagia katika mashimo ya keremkerem na ndege wengine wa mashimoni. Kinda wake huzaliwa na ndoana kwenye ncha ya mdomo na huwachoma wenzake gizani mpaka wafe. Keremkerem mdogo halitupi yai la mlembe hata lisipofanana na lake. Katika shimo la udongo lenye giza totoro, saini haisomeki.

Kwa nini basi kekeo hajaisha? Kwa sehemu nimeshajibu: siku zote kuna viota ambavyo rangi yake inamwangukia vizuri. Sehemu nyingine ni kwamba kinga ina bei. Mnana anayetupa mayai kwa wasiwasi mwingi atalitupa siku moja la kwake, hasa lile ambalo limetoka na madoa machache kuliko mengine, au atalivunja la kwake akijaribu kulitoboa la mgeni, ambalo ganda lake mara nyingi ni gumu zaidi. Mahali ambapo kekeo ni wachache, mwoga wa namna hiyo hupata hasara kubwa kuliko mwenzake anayepokea kila yai. Kwa hiyo ukali wa jicho hupanda na kushuka kulingana na wingi wa kekeo, na haufiki kiwango cha kumfungia mlango kabisa.

Kuhusu kumfukuza, ushauri wangu ni kwamba umwache. Mnazi wako haujapungukiwa na minana, na wakulima wa mpunga wa bonde la Pangani wangekuambia kuwa wamezidi. Kekeo huyu hula kwa wingi viwavi wenye manyoya ambao ndege wengine huwaogopa, na dume humletea jike wake viwavi hao mdomoni wakati wa kupandana, jambo unaloweza kulishuhudia ukiwa na subira. Nakuomba pia usipande kuhamisha mayai ili kujaribu niliyoyaeleza. Utafiti wa ndege wa porini nchini mwetu una utaratibu wake wa vibali kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), na kiota kilichoguswa ovyo huweza kuachwa.

Masika ijayo kaa chini ya mnazi asubuhi na mapema, saa za minana kutaga, na uwe na kalamu. Ukimwona mnana jike akitoka na yai mdomoni, andika saa, kiota alichotoka, rangi ya yai na kama lilikuwa na madoa, na kama kekeo alionekana siku hiyo au siku iliyotangulia. Maganda ya yai yanayoangushwa chini ya kiota kimoja katika msimu mzima yaweke pamoja, mbali na ya kiota kingine. Yakitoka yote ya rangi moja isipokuwa moja, nitumie picha ya hilo moja likiwa kando ya wenzake, kwenye mwanga wa kivuli na si wa jua kali.